Jinsi Nilivyozuia Uasi Usivuke Mto

Jumatatu, 9 Juni 1997

Habari kubwa! Mwaka huu mdahalo wa Homa Bay utakuwa wa Kiswahili. Miaka yote huwa wa Kiingereza. Mwalimu Joash alitutangazia katika somo la Historia, chaki imebanwa nyuma ya sikio kama penseli ya seremala. Kila shule itatoa msemaji mkuu mmoja. Mahali ni ukumbi ulio karibu na soko la samaki, Jumamosi ya wiki ijayo.

Soko la samaki! Meza ya Mama iko palepale. Anauza omena, yaani dagaa, za kutoka kisiwa cha Mfangano, na hajawahi kunisikia nikizungumza jukwaani akanielewa. Mwaka jana alikuja siku ya wazazi nikakariri shairi la Kiingereza. Alipiga makofi kabla sijafika mwisho. Baadaye akaniuliza shairi lilihusu nini. Nikamwambia maua. Akanitazama. "Maneno yote yale, nyathina, ni maua tu?" Mama huniita nyathina, mtoto wangu, hata anaponihurumia.

Kiswahili anakijua. Ndicho anachobishania nacho na wanunuzi kutoka kila upande wa Kenya, na huwashinda.

Mada ni hii: Uasi wa wananchi katika nchi moja unaweza kuvuka mpaka na kuingia nchi jirani. Imetokana na mambo ya Zaire, ambako waasi waliiangusha serikali mwezi uliopita. Lakini Mwalimu Joash ametuonya tusitaje nchi yoyote, hasa yetu. Tutasema Nchi Fulani na Nchi Jirani. Naibu wa chifu hupita ofisini kunywa chai, na hupenda kukaa karibu na dirisha.

Mchujo ni Ijumaa. Emmaculate ataunga mkono mada. Mimi, Risper Awuor, nitapinga. Mshindi atakuwa msemaji mkuu. Atakayeshindwa ataenda Homa Bay kupiga kengele ya kutunza muda.

Emmaculate! Kwao ni Isebania, mpakani kabisa. Jiwe la mpaka limesimama katikati ya boma la babu yake, Mzee Mwikwabe. Emmaculate aliliambia darasa kwamba kwao kuku hulala Tanzania na kutaga Kenya, na askari hajawahi kumwuliza kuku pasipoti. Kama kuku anavuka, uasi utashindwaje? Darasa zima lilicheka. Mimi pia, kwa bahati mbaya.

Sijakata tamaa. Nina mpango.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa ushahidi. Rafiki yangu Kuruthum hulala kwao, mjini Migori. Baba yake, Mzee Noor, ana duka la mabati na misumari na redio inayoshika stesheni za mbali. Jana nilimtuma Kuruthum amwulize baba yake mifano ya uasi ulioshindwa kuvuka mpaka.

Kuruthum amerudi na jibu. Mzee Noor alicheka mpaka akazima redio. Alisema amefanya biashara katika mipaka mitatu, na kila mara fujo ilifika kabla ya mzigo wake. Eti ningekuwa binti yake angenishauri nibadilishe upande.

Nimemwambia Kuruthum asimwulize baba yake jambo lolote tena kwa ajili yangu.

Jioni: jambo la kutisha! Tulikuwa tukianua nguo. Tukasikia makelele kutoka Ng'ambo. Ng'ambo ni shule ya wavulana. Kati yao na sisi kuna mto mdogo na ua wa michongoma, basi. Wavulana walikuwa wakizunguka uwanja wao kwa nyimbo. Wengine wanapiga mitungi ya plastiki kama ngoma. Mmoja amebebwa juu ya benchi. Na wote, kila mmoja, ameshika tawi bichi.

Emmaculate alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema neno moja, kama daktari aliyemaliza kupima mgonjwa. Mgomo.

Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Kwa nini tumwulize? Maharagwe ya Ng'ambo ni magumu kama yetu.

Jumatano, 11 Juni

Emmaculate ametangaza wakati wa uji kwamba hataandaa hotuba. Uasi ukivuka mto kabla ya Ijumaa, yeye atasimama, atuonyeshe, aketi. Alisema hayo huku akilamba kijiko. Ana dharau msichana huyu.

Nimeketi nikafikiri vizuri. Wasichana wetu wakigoma, nitashindwa mdahalo. Tena shule itafungwa, na hakuna atakayekwenda Homa Bay. Mama ameshawaambia wanawake wote wa omena kwamba binti yake atahutubia. Watafunika samaki wao, watavaa vizuri, watakuja. Watasikiliza watoto wa watu wengine.

Hakuna mtu katika shule hii anayehitaji amani kuliko mimi. Hata Bi. Helen, mwalimu mkuu, hanifikii. Yeye anataka amani kwa sababu ni kazi yake.

Uasi huanzia tumboni. Hilo tumelisoma. Kwa hiyo dawa pia ianzie hapo. Nyoyo yetu, yaani mahindi na maharagwe ya mchana, hupikwa na Mzee Machuki katika sufuria ambayo mtoto wa kidato cha kwanza angeweza kuogelea ndani. Mahindi huiva. Maharagwe hukataa. Mama akipika nyumbani hutia magadi kidogo na maharagwe huwa laini kama siagi. Leo ilikuwa zamu yetu, kidato cha tatu, kuchambua maharagwe. Ilikuwa kama nimetumwa na Mungu.

Nilimwomba Mzee Machuki anionyeshe magadi yalipo, nikasema ni ya somo la Sayansi. Alininyooshea mwiko kwenye rafu. Nilikadiria sufuria ya Mama inaingia mara ngapi katika sufuria ya shule. Nikatia magadi kwa kiasi hicho. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Narudia, sahihi kabisa.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba Mzee Machuki alikuwa ameshatia ya kwake.

Mchana: nyoyo ilitoka ikiwa ya manjano. Maharagwe hayakuonekana tena, yalikuwa yamekuwa uji. Ladha ilikuwa ya sabuni ya kipande. Milka, kiranja wa chakula, aliionja, akaweka kijiko chini taratibu, akauliza kama leo tunakula au tunafuliwa. Kuanzia saa nane foleni ya vyoo ilifika kwenye mlingoti wa bendera.

Jioni mabwenini neno lilikuwa moja tu. Sitaliandika. Linaanza na mgo.

Alhamisi, 12 Juni

Tumbo halijatulia, lakini akili inafanya kazi.

Nilikosea mahali pa kuanzia, hilo tu. Uasi hauanzii tumboni. Huanzia kwenye habari. Habari za Ng'ambo hutufikia vipi? Mtoni! Pampu yetu iliharibika tangu muhula uanze, na kila jioni tunateka maji mtoni. Wavulana nao huteka upande wa pili. Huko ndiko wanakopigiana kelele kuhusu nani anampenda nani. Ukiufunga mto, umeufunga mdomo.

Nilikwenda kwa Bi. Helen wakati wa mapumziko. Nilibisha hodi kwa adabu. Nilisema ninahofia usalama wa wasichana wadogo mtoni, na habari mbaya zinazovuka pale. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema ni nadra kupata msichana anayeifikiria shule hivi. Nilitoka nikiwa mrefu zaidi.

Saa kumi askari wa lango aliweka tawi la mchongoma kwenye njia ya mto. Hakuna kwenda. Maji yataletwa kwa punda.

Punda alikuja mmoja. Alileta mitungi minne. Tuko wasichana mia tatu, na wengi bado wana matumbo ya jana.

Hasira niliyoiona leo sijawahi kuiona. Milka alisimama juu ya kitanda akauliza ni nani mjinga aliyempelekea Bi. Helen wazo hili. Wasichana walipiga masanduku yao. Na mimi nilipiga langu, kwa nguvu, nikauliza pia, ni nani huyo mjinga? Kuruthum, aliyekuwa amekaa mpaka jioni kunisaidia kuandaa hotuba, alinitazama bila kupepesa macho. Kuruthum ananijua.

Na sasa dalili zimeanza. Wasichana wanavaa raba na masweta mawili. Wanafunga masanduku. Kila mtu anajua maana yake.

Imebaki njia moja. Maandamano. Maandamano ya amani! Kesho asubuhi kabla ya gwaride, sisi wenyewe tutatoka tukiimba kwamba shule yetu ni tulivu. Mtu hawezi kugoma huku akiimba kwamba hajagoma. Nilimwuliza Mwalimu Joash kama kidato cha tatu kinaweza kuimba wimbo mzuri tukielekea gwarideni. Alikuwa akisahihisha vitabu. Akasema imbeni, imbeni.

Na tutabeba matawi mabichi, tupendeze. Kwetu tunabeba matawi kwa kila jambo jema. Mpira ukishinda, matawi. Bibi harusi akiletwa, matawi. Mbunge akija, matawi. Mzee akisindikizwa kaburini, pia matawi. Hakuna asiyejua kwamba tawi bichi halina ubaya.

Ijumaa, 13 Juni, kabla ya mchana

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilialika kidato cha tatu tu. Ilikuja shule nzima. Walivunja matawi mengi kuliko nilivyotarajia. Ua wa Bi. Helen hauna tena umbo. Mimi nilisimama mbele, nikaanzisha wimbo niliotunga mwenyewe.

*Shule yetu ni tulivu!*

Wakajibu vizuri, *tulivu, tulivu.* Nilifurahi. Mwendo ulikuwa mzuri, miguu ilipiga chini pamoja. Tulipofika jikoni nilisikia nyuma sauti ya Milka ikibadilisha kiitikio.

*Shule yetu ni tulivu!*

*Ina kiu! Ina kiu!*

Sikuweza kuacha kuimba. Ningeacha, wangeimba wenyewe. Kwa hiyo niliendelea kusema tulivu na wasichana mia tatu wakaendelea kusema kiu, na tukaingia uwanjani hivyo, kwa vumbi na majani, mimi mbele kama jenerali.

Bi. Helen alikuwa amefunga mlango wa ofisi. Tulimwona dirishani na simu sikioni. Kisha akatoka. Huwezi kumnyima ushujaa wake. Alisimama mbele yangu akauliza hii ni nini. Nikamwambia ni maandamano ya amani. Akauliza vita viko wapi.

Milka akajibu badala yangu. Alisema wanataka njia ya mto ifunguliwe, na wanataka kumjua aliyesema ifungwe.

Bi. Helen alishangaa sana. Alivaa miwani, akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini Risper, si wewe uliyekuja kuniomba niifunge?"

Matawi yakashuka.

Mzee Machuki alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akitazama. Hajawahi kupenda kuachwa nje ya mazungumzo. "Na magadi pia ni huyo!" akapaza sauti. "Nikamwambia yako pale, kumbe mtoto anataka kutufulia matumbo!"

Nilifumba macho. Nilingoja kupigwa kwa matawi.

Badala yake nikasikia mtu akicheka. Ni Emmaculate. Alicheka mpaka akaketi chini. Akafuata Milka. Wakafuata wote. Wasichana mia tatu walianguka nyasini na masweta yao mawili mawili, wakashika matumbo yao mabovu, wakacheka. Kidato cha kwanza walilia kwa kucheka. Bi. Helen alijaribu kukunja uso, akashindwa, akageuka kutazama mlingoti.

Mtu akicheka hivyo hawezi kugoma. Bi. Helen alisema njia ya mto ifunguliwe na magadi yafungiwe kabatini. Tukaenda darasani.

Kwa hiyo nimefaulu! Uasi haukuvuka. Shule iko wazi. Ninaweza kusimama leo saa nane na kusema kwa moyo safi kwamba haiwezekani.

Ijumaa, jioni

Nilisimama saa nane. Nilisema kwa moyo safi.

Nilianza vizuri mno. Nilisema kila nchi ina historia yake, njaa yake na viongozi wake. Nilisema mpaka una nguvu kuliko tunavyodhani. Nilisema tazameni Nchi Jirani ya hapa karibu, ambayo siitaji, ilivyochafuka tangu Jumanne. Je, sisi tumechafuka? Mwalimu Joash alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Niliona Homa Bay. Nilimwona Mama na kitambaa chake cha buluu.

Kisha nikaona darasa halinitazami. Linatazama nje.

Nje, barabarani, wavulana wa Ng'ambo walikuwa wakipita. Shule nzima. Mmoja na sanduku kichwani, mwingine na godoro, mwingine na jogoo. Walikuwa wanakwenda nyumbani. Shule yao ilikuwa imefungwa saa sita.

Hemed, kaka yake Kuruthum, alisogea kwenye ua na godoro lake. Kuruthum alimwuliza kupitia dirishani kuna nini. Hemed alijibu kwa sauti ambayo hata naibu wa chifu angeisikia. Asubuhi walituona sisi, wasichana, tumetoka na matawi na nyimbo, tukamzingira mwalimu mkuu mpaka akaangalia pembeni. Wakaona aibu. Wasichana wanagoma na wao wamekaa wakinywa uji? Wakatupa vikombe.

Kuruthum akamwuliza, lakini si mlianza nyinyi Jumanne?

Hemed alishangaa. Jumanne? Jumanne walikuwa wameshinda mpira dhidi ya timu ya Ndhiwa, mabao matatu kwa moja. Aliyebebwa kwenye benchi ni golikipa.

Kwa hiyo Nchi Jirani haikuwa na uasi wowote. Sisi ndio tuliowapelekea.

Mwalimu Joash akasema ni zamu ya upande wa kuunga mkono. Emmaculate alisimama. Hakusema neno. Alinyoosha mdomo wake kuelekea dirishani, kama watu wa kwetu wanavyoonyesha kitu bila kutumia kidole. Akaketi.

Mwalimu Joash alisema katika miaka yake yote ya kufundisha hajawahi kusikia hoja fupi yenye ushahidi mrefu hivyo.

Nitapiga kengele.

Jumapili, 15 Juni

Sijamwarifu Mama. Nilitaka kupitisha ujumbe kwa dereva wa samaki. Nilimwona dereva. Nikamwambia amsalimie tu.

Emmaculate alikuja kitandani kwangu na njugu karanga. Akaketi bila kuombwa. Alisema hotuba yangu ilikuwa nzuri, na kama si magodoro angeshindwa. Kisha akauliza kama kweli Mama atakuja. Nikasema atakuja na soko zima. Akainuka. Aliacha njugu.

Sitaki huruma yake. Njugu nimekula.

Jumamosi, 21 Juni, Homa Bay

Mama alikuwa mstari wa mbele. Kitambaa cha buluu. Pembeni yake wanawake wanane wa omena, wote wamejipaka mafuta, wote wananuka samaki hata hivyo. Aliponiona nikipanda jukwaani aliwagusa mmoja mmoja akaninyooshea mdomo. Yule pale.

Afisa wa elimu aliyekuwa mwamuzi alieleza kwamba mtunza muda ndiye husimama kwanza. Ataje kanuni kwa sentensi mbili, aketi.

Sentensi mbili! Nilikuwa nimekesha nikizifikiria. Hakuna kanuni inayosema sentensi iwe na urefu gani.

Nikasimama. Nikasema kengele italia mara moja zikibaki dakika mbili, na mara mbili muda ukiisha, kwa sababu muda ni kama mpaka, na mpaka, mabibi na mabwana, ni kitu ambacho watu wengi hukizungumzia bila kukielewa, na hapo nikamwona Mama akiinua kidevu, na nikaendelea. Nilieleza mto. Nilieleza jiwe lililosimama kwenye boma la watu. Nilieleza kwamba mtu wa sokoni anajua mengi kuhusu mipaka kuliko vitabu vyangu, kwa sababu samaki huvuliwa na mtu mmoja wakaliwa na mwingine asiyemjua. Wanawake wa omena wakapiga vigelegele. Afisa wa elimu alitazama saa yake. Alitafuta kengele ilipo. Kengele ilikuwa mkononi mwangu!

Nani angenizuia? Nilikuwa ndio kwanza ninafika penye kiini. Nikasema, chukueni mfano wa hapa kwetu, chukueni Kenya...

Mwalimu Joash alifunika uso. Afisa alimwagia tai yake maji. Nchi imetajwa!

Hapo Emmaculate akanyoosha mkono, akachukua kengele kutoka vidoleni mwangu kwa upole, akaipiga mara mbili.

Nikaketi. Akanirudishia kengele, mdahalo ukaanza. Emmaculate alisema vizuri sana, kuku na pasipoti, ukumbi ukacheka. Lakini shule yetu ilikuwa imeshapunguziwa alama kwa sababu ya mtunza muda. Tukawa wa pili. Wa kwanza ni shule ya Magunga, ambao hawakuchekesha mtu.

Niliogopa kushuka. Mama alinisubiri chini ya ngazi na wanawake wake wote. Nilianza kumweleza kwamba mimi sikuwa msemaji mkuu, kwamba mimi ni wa kengele tu, kwamba...

Hakunisikiliza. Aliwageukia wenzake.

"Mmeona?" alisema. "Wengine wote wakisema, huyu akigonga tu, wanaketi. Hata yule mwenye tai. Huyu akagonga, yule akanyamaza! Mwanangu ndiye mkubwa wao."

Kisha akanivuta karibu akaniuliza polepole, kwa nini yule msichana mwembamba alinikatiza nilipofika penye utamu. Nikatazama. Emmaculate alikuwa amesimama peke yake karibu na mlango na cheti cha nafasi ya pili. Kwao ni mbali. Hakuna aliyekuja kwa ajili yake.

Nikamwambia Mama ni rafiki yangu. Mama alimwita, akamfungia omena kwenye gazeti, akamwambia siku nyingine asiwe na haraka ya kunyang'anya watu kengele. Emmaculate akasema ndiyo, Mama, nimekosa. Alisema hivyo kwa adabu kabisa, akanitazama, na hatukucheka mpaka tulipoketi nyuma ya gari la shule, juu ya omena.

Mama alielewa kila neno. Aliniuliza hata kuhusu lile jiwe.

Jumatatu, 23 Juni

Wavulana wa Ng'ambo wanarudi Jumatano. Inasemekana wamekasirika. Wanasema wamefukuzwa kwa sababu yetu, na sisi hata siku moja hatukufukuzwa. Bi. Helen amewaita viranja na kila mwenye mawazo mazuri. Anataka tuwapokee kwa njia itakayoonyesha kwamba kati ya shule hizi mbili kuna amani.

Nilienda. Emmaculate alinishika sketi nilipoinua mkono. Nikauinua mwingine.

Nimelitafakari sana kosa la mara iliyopita. Lilikuwa wimbo. Watu hubadilisha wimbo wakiwa nyuma, na aliye mbele hawezi kuwaona. Kwa hiyo Jumatano hakuna kuimba. Hakuna ngoma. Hakuna neno lolote, ili hata naibu wa chifu asipate la kusikia. Tutapanga mstari kimya kimya, sote mia tatu, ukingoni mwa mto, wapite wakituona.

Matawi tu.